Waliowahi kuuguza mtu na mashine ya oksijeni nyumbani, tupeane uzoefu

NgaramtoniKwetu (mleta mada):
Wakuu, habari za asubuhi. Jana saa nane usiku umeme ulikatika huku kwetu, na kabla sijageuka ubavu wa pili nikasikia kwa jirani ule mlio wa mashine ya oksijeni iliyokosa umeme. Tiiiiii. Aliyewahi kuishi nao anaujua. Nikajikuta nimekaa kitandani natafuta spana ya mtungi wa akiba wa oksijeni, wakati mama nilimzika miaka miwili iliyopita na mashine nilishaigawa. Sikulala tena. Najua humu tuko wengi. Nyie mliishije nayo?

Kijenge Juu:
Siti ya mbele. Yetu ilikuwa ya babu, ya lita 5 kwa dakika. Inanguruma kama friji la zamani, lakini ikinyamaza nyumba nzima inaamka, hadi mbwa.

Dada wa Sakina:
LUKU jamani, hakuna anayekwambia hilo siku ya kutoka hospitali. Yetu ilikula kama wati 350. Piga saa 24, ni uniti 8 na kitu kwa siku, mwezi uniti 250. Sisi tulizoea bei nafuu ya wale wasiozidi 75 kwa mwezi, tukatolewa huko haraka sana. Kila saa kumi na mbili jioni nilikuwa nachungulia mita kabla hata ya kumchungulia mgonjwa, Mungu anisamehe.

Mangi Asiye na Duka:
Uniti 250 na bado kuna mtu atakuja kuchajia simu tatu kwenye ekstensheni hiyo hiyo.

Dada wa Sakina:
@Mangi Asiye na Duka ndivyo ilivyokuwa! Shemeji. Plagi ikayeyuka. Baada ya hapo mashine ikapewa soketi yake ya ukutani peke yake, na stabilaiza katikati.

bintimarangu:
Mleta mada umenigusa pabaya. Ngoja niitoe.

Mama yangu hajawahi kushika sigara. Amepikia kuni kwenye jiko la ndani zaidi ya miaka arobaini, mapafu yakachakaa. Tuliruhusiwa kwenda nyumbani na mashine, na nesi akaandika kwenye plasta akaibandika juu yake: LITA 2, SIYO ZAIDI. Akatueleza kile kipimo cha oksijeni ya damu cha kubana kidoleni kikisoma kati ya asilimia 88 na 92, kwa mama inatosha, tusihangaike. Tukazoea.

Ikaja Krismasi. Mnajua Marangu Desemba ilivyo, magari hadi kwenye migomba. Baba mdogo kapanda kutoka Dar. Mbuzi kachinjwa, mtori umeiva, yeye anaingia chumbani kumsalimia mama, anabana kidole, 89. Mayowe. "Mnamnyima shemeji hewa kwa sababu ya hela ya LUKU?" Nikamwonyesha plasta. Akaniuliza mimi nimesomea udaktari wapi. Mbele ya shangazi zangu wote. Akazungusha kitufe hadi 5.

Namba ikapanda 97. Watu wakapiga makofi, nakwambia, makofi kabisa. Jioni mama akasema kichwa kinamuuma. Tukampa uji, kikombe kikamponyoka, mikono inacheza cheza. Akalala. Tukawa tunapita mlangoni tunaambizana leo amepata usingizi mzuri, tusimwamshe. Saa kumi na moja alfajiri naenda kumgeuza, namwita, anafungua jicho moja na kuongea kama mtu aliyeshinda kilabuni kwenye mbege. Mama yangu, mlokole.

Nikampigia daktari. Swali lake la kwanza: "Mashine iko kwenye ngapi?" Akasema msiitoe ghafla, rudisheni 2 mlete sasa hivi. Tulishuka hadi Himo na mtungi mdogo miguuni mwangu, mimi na dereva tu. Huko nikaelezwa: kwa baadhi ya watu wenye mapafu yaliyochakaa kwa miaka mingi, ukiwazidishia oksijeni ile hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inashindwa kutoka na inajaa kwenye damu. Mtu analewa nayo. Na kile cha kidoleni hakiioni, kinakuonyesha 97 yako nzuri huku mtu anaondoka. Alikaa wodini siku sita. Alipona, yupo.

Kijenge Juu:
Daah. Pole sana dada.

Mjukuu wa Kibo:
Makofi yameniua. Kila ukoo una baba mdogo wake.

Nesi Mstaafu Moshi:
Binti umeeleza vizuri. Niongeze tu kwamba 88 hadi 92 siyo ya kila mtu, kuna wagonjwa lengo lao liko juu ya hapo. Oksijeni ni dawa, ina dozi, na dozi yake ndiyo hiyo namba aliyoandikiwa mgonjwa wako. Usiazime ya jirani.

MwanaapoloMstaafu:
Hiyo afadhali. Rafiki yangu, tumechimba wote Mirerani, vumbi la mwamba likamkaa kifuani kama lilivyowakaa wengi. Kapanga chumba Unga Limited, kawekewa mashine. Sigara alikatazwa, akawa anavuta kwa wizi mkewe akienda sokoni. Siku hiyo aliona ana akili: kazima mashine, mpira wa kupitisha oksijeni kauacha puani, kajifunika blanketi la Kimasai, kawasha kiberiti.

Mimi nilikuwa mlangoni namletea maandazi. Ndevu ziliondoka kabla njiti haijafika kwenye sigara. Waliochimba wanajua utambi wa baruti unavyokwenda. Ule mpira ulikwenda vile vile, kutoka puani kushuka kuelekea kwenye mashine, unazomea. Blanketi nalo likashika. Nikang'oa plagi, nikamvua blanketi, nikamwagia ndoo ya maji ya kufulia. Maandazi sijui yaliishia wapi.

Mangi Asiye na Duka:
Chai. Mashine imezimwa, moto unatoka wapi?

Mjukuu wa Kibo:
Na oksijeni haiwaki, tulisoma fomu tu.

MwanaapoloMstaafu:
@Mangi Asiye na Duka njoo Unga Limited nikuonyeshe pua yake. Nauli juu yangu.

FundiRedio:
Mnabishana bure. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya kinachowaka kiwake vibaya sana. Na alilala nayo chini ya blanketi, ilishajaa kwenye nyuzi na kwenye ndevu. Kuzima swichi hakuitoi kwenye nguo dakika ile ile.

Mangi Asiye na Duka:
Kwa hiyo nikizima nisubiri dakika ngapi ndiyo nivute?

Nesi Mstaafu Moshi:
Mwanangu, acha sigara. Chumba chenye mashine hakivutwi kabisa, wala hakiwekwi mshumaa, wala udi. Jiko la mkaa au la gesi likae mbali, hatua tatu nne na zaidi. Na mpira usiachwe kitandani mashine ikiwa inafanya kazi. Kama haipo puani, zima.

Dada wa Sakina:
Shikamoo mama. Julai Arusha baridi kali, kila nyumba inaingiza jiko la mkaa chumbani. Tulimfanyia bibi hivyo wiki nzima, jiko mlangoni, mashine kwenye kona. Leo ndiyo naelewa tulikuwa tunacheza na nini.

Nesi Mstaafu Moshi:
Marahaba. Na ule moshi wa mkaa usioonekana nao unadanganya kipimo cha kidole, kinasoma vizuri wakati mtu anakosa hewa. Ongezeni mablanketi, toeni jiko.

Mjukuu wa Kibo:
Sisi pua ya mzee ilikauka tukawa tunampaka mafuta ya mgando. Nimepata jasho sasa hivi.

FundiRedio:
Mafuta ya mgando na oksijeni havikai pamoja. Tafuta ya kupaka yenye asili ya maji, muulize mfamasia. Mtungi nao ukikaza usipake grisi hata tone. Nilishamnyang'anya kijana kopo la grisi mkononi, alikuwa anasaidia.

Kijenge Juu:
Kuhusu maji ya kwenye kile kichupa cha kulainisha hewa isikaushe pua, mlikuwa mnaweka ya bomba?

Dada wa Sakina:
Ya chupa ya dukani.

Mjukuu wa Kibo:
Yaliyochemshwa na kupoa, yanabadilishwa kila siku.

FundiRedio:
Yaliyotoneshwa (distilled) ndiyo sahihi. Kwa lita 2 wengine hata hawahitaji kichupa. Muhimu zaidi ni ile filta ya sponji, ioshe kila wiki. Kwa vumbi la huku Sombetini mara mbili. Na usiisukume mashine ukutani au nyuma ya pazia, inavuta hewa ya chumba, iachie angalau sentimita 30.

NgaramtoniKwetu (mleta mada):
Asubuhi nimepita kwa jirani. Wana mtungi lakini spana walikuwa hawajui ilipo, walitumia koleo. Nimewafungia spana kwa kamba shingoni mwa mtungi. Nikawapigia na hesabu: ukiwa na lita 1,500 za gesi, kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu. Jenereta lao linakaa koridoni, tumelitoa nje kabisa.

KijanaWaBiashara:
Nina ya lita 10 imetumika kidogo, ipo Majengo Moshi, njoo PM.

FundiRedio:
Mita yake inaonyesha imetumika kwa masaa mangapi? Imepimwa asilimia ya oksijeni inayotoa? Nyingine inanguruma vizuri, inapuliza vizuri, lakini zile chembe za kuchuja naitrojeni zimekufa, unamuuzia mtu feni.

KijanaWaBiashara:
Mkuu mbona unaharibia watu riziki?

FundiRedio:
Jibu swali.

Mangi Asiye na Duka:
@bintimarangu tuachane na huyu. Baba mdogo alisemaje?

bintimarangu:
Kwamba alikuwa anasaidia. Desemba hii anapanda tena. Kile kitufe nimeshakizungushia plasta raundi nne.