MREJESHO: Karatasi nyeupe iliyokuwa inatoka kijivu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini karatasi yangu nyeupe ya nyuma inatoka kijivu kwenye picha za magauni ya vitenge, na kivuli cha modo kinaganda palepale. Mkaniambia nimsogeze mbele. Nilibisha kimoyomoyo, chumba chenyewe futi 12!

Nimemsogeza hatua tatu. Kivuli kikaangukia sakafuni, nje ya fremu, ila karatasi ikazidi kuwa kijivu. Hapo ndipo nilipoelewa ile hesabu: umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara 2, mwanga unabaki robo. Taa yangu ilikuwa karibu na modo, karatasi ikawa inaambulia makombo.

Nikaelekeza taa mbili ndogo kwenye karatasi peke yake, zikiizidi taa ya modo kwa stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Mwanzo nilizidisha, mwanga ukarudi na kula kingo za nywele. Nikapunguza, ikakaa.

Softiboksi, lile boksi la kulainisha mwanga wa taa, nimeunda kwa shuka jeupe na mbao. Fundi aliyeshona magauni kachukua picha zote! Satini nyeusi tu ndiyo bado inanisumbua, inang'aa kama bati. Aliyewahi kuidhibiti aniambie taa aliweka wapi.