Kudownload mafaili makubwa: Google Drive, MEGA au MediaFire?

mpigapicha_tz: Wakuu habari za jioni, nina video za harusi GB 12 hivi, mteja yuko Mwanza anataka kuzishusha mwenyewe na hana kompyuta ya maana ni simu tu, tena bando la kuungaunga. Ipi ya bure itamfaa? Ile niliyokuwa natumia mtandao ukikata tu unaanza upya, nimechoka.

Bonge la Data: Drive mkuu, unapewa nafasi ya kuhifadhi GB 15 bure ila zinachangia na Gmail na Photos, kwa hiyo angalia kwanza imebaki ngapi. Usimtumie folda nzima, Drive inazipu kwanza (inazifunga pamoja) ndo inaanza kushusha, mtumie link ya faili mojamoja.

kijana_wa_ilala: MEGA wanatoa GB 20 lakini mtu wa bure ana kikomo cha kushusha na kinahesabiwa kwa IP (anwani ya mtandao unayotokea), sasa mitandao ya simu IP moja mnatumia kibao, unaweza kukuta kikomo kimeisha hata hujashusha kitu 😂. MediaFire GB 10, haikutoshi. Dropbox GB 2 hiyo hata usiiguse.

Bonge la Data: Umesema kweli mzee. Na akishusha atumie programu ya kushushia mafaili kama 1DM, intaneti ikirudi mara nyingi inaendelea ilipoishia.

mpigapicha_tz: Shukrani wakuu, nakata vipande vya GB 1 napandisha Drive usiku huu.