Mrejesho: kayaki yangu na maboti ya injini

Wakuu nimerudi, mi ndo yule niliyeuliza kama kibendera kirefu kinatosha ili maboti ya injini yanione nikiwa na kayaki (kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia) ziwani. Nimekifunga ila hakina maajabu, upepo ukikata kinalala tu. Kilichosaidia ni kupaka mabapa ya kasia rangi ya chungwa kali pande zote, maana yanapanda na kushuka muda wote na jicho linanasa kitu kinachocheza. Jana boti ikaja mbio imeinua pua, dereva mbele haoni vizuri, nikanyanyua kasia juu nikapuliza filimbi (sidhani hata aliisikia na ile injini) akakata kona, nami nikageuza kayaki ikabiliane na wimbi lisinipige ubavuni. Na jua likiwa mgongoni kwangu, dereva anayekuja mbele yangu linampiga machoni hanioni, so siku hizi hapo naambaa kando ya ufuo tu.