Naomba ushauri: kijana asaini besiboli ya kulipwa au aende chuo kwanza?

Wakuu, habari zenu. Naishi Ohio na familia. Kijana wangu anamaliza haiskuli mwakani, anacheza besiboli nafasi ya nje katikati, yule anayekimbilia mipira mirefu hadi ukutani. Ana mbio kwelikweli. Wasaka vipaji wameshaanza kuja na saa zao mkononi kumpima, na sasa habari za chuo hataki kuzisikia.

Kila nikimgusa ananitajia Mike Trout, yule nyota wa besiboli. Ni kweli, timu ya Angels ilimchukua kwenye drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 2009 akitokea haiskuli, namba 25. Ila mwanangu anaruka sehemu moja: Trout alipopandishwa ligi kuu Julai 2011, akiwa na miaka 19, wastani wake wa kupiga ulikuwa .220 tu (yaani alifanikiwa kama mara 22 kati ya majaribio 100) katika mechi 40. Msimu wa 2012 akauanzia ligi ya chini, Salt Lake, ndipo akaitwa tena mwishoni mwa Aprili na kuibuka chipukizi bora. Na huyo ni Trout!

Shangazi yake anasema pesa ya kusaini haikataliwi. Tatizo, akiingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida hachaguliwi tena kwenye drafti mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Cha miaka miwili hakina kizuizi hicho.

Waliopitia haya: mlidai ada ya chuo iandikwe kwenye mkataba? Na ililipwa kweli kijana alipoachwa na timu?