Farasi wa vita wa dhahabu 400 kwenye D&D: mbona haruhusiwi kupiga kwato?

DaduMbili

Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu farasi wa vita kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), kanuni za 2014. Mhusika ni mpiganaji wa ngazi ya 4, Nguvu 16, kinga 18 (namba ambayo dadu ya adui lazima ifikie ili anipate; ni deraya ya pete za chuma pamoja na ngao), na mfukoni ana dhahabu 700. Farasi wa vita anauzwa 400, na maelezo yake yanatamanisha: akikimbilia adui futi 20 bila kukunja kona kisha kwato zikampata, adui anarusha dadu ya Nguvu dhidi ya 14, akishindwa anaangushwa chini na farasi anaongezewa pigo la pili. Sasa mwongoza mchezo anasema farasi akishapandwa hapigi mtu. Ni kweli? Kama ni kweli, hiyo 400 inalipia nini, wakati farasi wa kusafiria ni 75 tu na wote wawili wanakwenda futi 60? Jingine: kwenye ngazi hii nichukue kipaji cha kupigana juu ya mnyama au niongeze Nguvu?

KwatoZaChuma

Mkuu, mwongoza mchezo yuko sahihi kwa farasi unayemwongoza. Mnyama aliyepandwa yuko katika hali moja kati ya mbili, na unaamua wewe mpandaji.

Ukimwongoza, zamu yake inahamia kwenye zamu yako, anakwenda unakotaka, ila matendo yake ni matatu tu: Kukimbia, Kujitoa (kuondoka bila kuchapwa), Kukwepa (kufanya asipatikane kirahisi). Kupiga hakumo. Ukimwacha huru, anabaki na zamu yake na anaweza kupiga kwato (+6 kwenye dadu, dhuru 2d6+4, yaani dadu mbili za pande sita, ongeza 4), lakini hapo ndipo shida inapoanzia. Tuseme yeye yuko zamu ya 17 na wewe ya 9 (namba kubwa hutangulia). Anakimbia, anamwangusha adui, anaweza hata kuendelea mbele kadiri anavyopenda, na wewe uko mgongoni kama mzigo. Ikifika 9, adui ameshasimama au mmeshampita. Ukisema utatayarisha pigo ulitoe farasi akifika, linakula mjibizo wako (lile tendo moja la haraka nje ya zamu yako), na kuanzia ngazi ya 5 utapoteza lile pigo la ziada kwa sababu linafanya kazi kwenye zamu yako tu.

Kitu kimoja watu wengi hawakioni: kanuni imebana matendo ya farasi, haikugusa mjibizo wake. Adui akitoka ovyo mbele ya farasi unayemwongoza, farasi anaweza kumchapa kwato. Mbio za kuangusha hazihesabiki hapo, maana zinadai mwendo na pigo katika zamu ileile, lakini wastani wa 11 si haba.

Mizani_ya_Soko

Nitajibu la pesa, na nadhani jibu langu halitapendwa: kwa anayepanga kumwongoza farasi muda wote, usinunue wa 400.

Tazama unachopata. Farasi wa vita ana kinga 11 na uhai 19. Wa kusafiria ana 10 na 13. Mzigo, ratili 540 dhidi ya 480. Tofauti ya dhahabu 325 kwa uhai sita na pointi moja ya kinga! Deraya ya mnyama inagharimu mara nne ya ile ya mtu na uzito wake ni mara mbili. Kwa hiyo pete za chuma ni 300, ratili 110, kinga 16 kwa mnyama yeyote. Ukiwa na 700:

Farasi wa vita 400 + deraya ya magamba 200 = kinga 15, uhai 19.
Farasi wa kusafiria 75 + pete za chuma 300 = kinga 16, uhai 13, na unabaki na 325.

Mchukue orc wa kawaida (zimwi mpiganaji) mwenye shoka, +5, wastani wa dhuru 9.5. Mapigo mawili ya wastani yanamlaza wa uhai 13, na yanamlaza wa 19 pia. Kwa goblini (zimwi mdogo) mwenye wastani wa 5.5 ndipo utaona faida: mmoja anaanguka kwa mapigo matatu, mwingine kwa manne. Kinga ndiyo yenye thamani hapa. Orc anampata farasi mtupu wa kinga 11 kwa asilimia 75. Wa kinga 15, asilimia 55. Huyo wa 15 akitumia tendo la Kukwepa, inashuka hadi kama 30.

Halafu pimeni uzito kama meza yenu inatumia ile kanuni ya hiari ya mizigo. Mtu wa ratili 180, deraya yake 55, ngao 6, mkuki wa farasini 6, upanga 3: tayari 250. Tandiko la vita 30, deraya ya magamba 90. Jumla 370, bila begi hata moja. Kwa farasi wa vita (Nguvu 18, mwili mkubwa) ukivuka 360 anapoteza futi 20 za mwendo na anarusha dadu za mwili kwa hasara (dadu mbili, inahesabiwa ndogo). Farasi wa futi 40 kuna haja gani? Mvalishe ngozi yenye njumu, dhahabu 180, ratili 26, kinga 13: jumla inakuwa 306 na anapoteza futi 10 tu. Ukikosa hela kabisa kuna pamba iliyoshonwa, dhahabu 20, kinga 12. Wapanda farasi wa Bornu (dola la karibu na Ziwa Chad) karne ya 19 walivalisha farasi wao mavazi manene ya namna hiyo, kwa hiyo msiicheke.

KwatoZaChuma

Hesabu nzuri, ila umesahau kwamba wa vita ndiye pekee anayestahili kuachwa huru pale mpandaji anaposhuka. Wa kusafiria ukishuka anakuwa wa kulindwa.

Mizani_ya_Soko

Sawa, hilo nakubali. Kwa 325 lakini?

Ncha_Futi_Kumi

Nyote mmeruka mkuki wenyewe, na ndio unaofanya farasi yeyote awe na maana. Dhahabu 10, dhuru 1d12, unafika futi 10, na ukiwa juu ya mnyama unaushika kwa mkono mmoja. Ngao inabaki. Ukiwa na mtindo wa silaha moja mkononi, ongeza 2: kwa Nguvu 16 ni wastani wa 11.5 kwa pigo.

Zamu yenyewe huchezwa hivi. Anza mbali kama futi 35. Farasi anatembea futi 25, anasimama pakiwa na mraba mmoja mtupu kati yenu na adui. Choma. Rudi nyuma kwa futi 35 zilizobaki. Adui mwenye upanga wa kawaida anafika futi 5 tu, hukuingia kwenye mkono wake, kwa hiyo hana pigo la upenyo (lile la bure kwa anayetoka mbele yake) na farasi hahitaji Kujitoa. Tendo lake linabaki bure: mwambie Akwepe, kwa ajili ya wapiga mishale. Kujitoa kuweke akiba kwa wenye mikuki mirefu na majoka, maana farasi akivuta pigo la upenyo, adui huchagua ampige nani kati yenu.

Mambo yanaharibika farasi anapoanguka. Akilazwa chini, unatumia mjibizo kuruka na kutua kwa miguu. Kama mjibizo umeshautumia, nawe unalala chini ndani ya futi 5. Akisukumwa kwa nguvu, unarusha Wepesi dhidi ya 10. Na sasa uko ardhini na mkuki unaodai mikono miwili, ngao imefungwa mkononi, na kuivua ni tendo zima. Uwe na upanga kiunoni. Angusha mkuki, chomoa upanga, endelea. Adui wa futi 5 pia anautia mkuki hasara hata ukiwa juu.

Kwa kuwa una Nguvu 16, mimi ningechukua kipaji. Kinakupa faida (dadu mbili, inahesabiwa kubwa) kwenye kila pigo la karibu dhidi ya adui asiyepanda na aliye mdogo kuliko farasi wako, yaani watu, orc, goblini na wengi wengine. Hiyo inafuta hata hasara ya futi 5. Pia pigo lililolengwa kwa farasi unaweza kulivuta lije kwako, kwenye kinga 18: yule orc wa asilimia 55 anakuwa wa 40, na anayeumia ni mwenye uhai mwingi.

DaduMbili

Nimewaelewa. Moto wa wachawi je? Na kampeni yetu nusu yake ni mapangoni.

Ncha_Futi_Kumi

Mpira wa Moto ni 8d6, wastani 28. Dhidi ya 15 farasi wa vita anafaulu kwa asilimia 35 tu, na akishindwa amekwisha. Ukiwa na kipaji, akifaulu haumii kabisa, akishindwa anapata nusu: 14, kwa hiyo wa uhai 19 kwa kawaida anapona na wa 13 kwa kawaida anakufa. Hapo Mizani ananyamaza kidogo.

KwatoZaChuma

Mapango ni kesi nyingine. Farasi ni mwili mkubwa, anajaza mraba wa futi 10. Kwenye ujia wa futi 5 anajibana: kila futi inahesabika mbili, anapiga kwa hasara, anarusha Wepesi kwa hasara, na anayempiga ana faida. Ngazi ya kamba haipandi. Kama nusu ya kampeni iko chini ya ardhi, ongeza Nguvu iwe 18, nunua wa 75, mwache kwenye zizi la nyumba ya wageni, sarafu 5 za fedha kwa siku. Kama chama chenu kina paladini (shujaa wa kiapo mwenye uchawi), akifika ngazi ya 5 anaweza kuita farasi wake kwa uchawi wa dakika 10: akiuawa anatoweka bila mzoga na kuitwa tena akiwa mzima. Huyo ana akili 6, na meza hubishana kama mpandaji anamwongoza au anajiongoza, basi mkubaliane kabla ya vita ya kwanza.

Mizani_ya_Soko

Na mkihamia kanuni za 2024, someni upya mkuki: dadu imeshuka hadi d10, na ile hasara ya futi 5 haipo tena.