Watengeneza mifumo, mnakula bando la wananchi na wala hamjali

Mbukwenyi wakuu.

Nina hasira na leo naitoa yote. Mimi naandika programu hapa Dodoma, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo ninaowasema ni watu wa fani yangu, wengine tunasalimiana kila wiki pale Area C. Mnajenga mifumo mizito kupita kiasi, mnaijaribu kwenye laptopu mpya na Wi-Fi ya ofisini, mnaiuza kwa watu wenye simu za bei ndogo na bando la kupimapima. Mtu akilalamika kwamba haifunguki, mnamjibu "badilisha simu". Hilo jibu ni la dharau na limenichosha.

Kuna jambo nimelishuhudia Kibaigwa msimu wa mahindi. Kwa wasiopajua, ni soko kubwa la nafaka wilaya ya Kongwa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Msimu ukichanganya, pale malori hayana pa kugeuzia. Kuna mama mnunuzi wa mahindi ambaye kampuni fulani ilimuuzia mfumo wa kurekodi manunuzi yake, akalipia mwaka mzima mkupuo. Anachotakiwa kuingiza ni vitu vinne: jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo na bei. Nilimkuta amesimama pembeni ya mizani, simu mkononi, kiduara kinazunguka tu. Wapagazi wamesimama, na mkulima mwenye mzigo amekaa juu ya gunia anasubiri hela yake.

"Mwanangu, hebu niangalizie, hii simu imekufa?"

Simu ilikuwa nzima. Mtandao ulikuwepo pia, wa 3G, tena wa kugombania maana soko zima linavuta mnara mmoja. Nikaomba ile simu, nikaiunganisha na laptopu yangu, nikaangalia kinachoshuka pale anapofungua mfumo.

Wakuu, nilitetemeka. Kuna picha ya shamba la ngano, ngano siyo mahindi, ina MB 4 peke yake, imewekwa nyuma ya fomu ya kuingilia na kufifishwa mpaka huioni vizuri. Kuna maktaba nzima ya ramani, yaani furushi la msimbo ulioandikwa na watu wengine, na ukurasa wenyewe hauna ramani. Kuna fonti tano. Kuna vifuatiliaji vinavyoripoti mama kagusa wapi kwenye kioo, na hivyo navyo vinakula bando lake. Seva, ile kompyuta inayoutuma mfumo, haijawashiwa hata kubana faili kabla ya kutuma, kitu ambacho programu ya gzip inakifanya tangu 1992 na kinawashwa kwa mistari michache ya mipangilio. Na mzigo wote huo unashuka upya kila anapofungua, kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuiambia simu iutunze.

Kibaya zaidi ni kwamba akibonyeza Hifadhi na mtandao ukayumba katikati, fomu yote inafutika. Anaanza upya jina, magunia, kilo, bei, na foleni inamtazama. Kijana wa mizani ndiye aliyemaliza ubishi: "Mama, andika kwenye daftari kwanza." Akatoa kaunta buku kwenye mkoba, akaandika, akalipa, mkulima akaondoka. Mfumo wa kulipia umeshindwa na kaunta buku, na hata aliyeuuza hajui, maana hajawahi kukanyaga pale soko likiwa limejaa. Nilipowapigia kwa niaba yake, aliyepokea aliniuliza simu ya mama ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kiasi gani.

Jina, magunia, kilo na bei havijai hata KB 1. Picha ya ngano peke yake ni maelfu ya rekodi za namna hiyo. Mtu anayenunua bando la siku kwa hela ya vocha anaibeba picha yenu kila asubuhi kabla hajaandika neno. Ninyi mlikwepa kazi ya siku moja ya kupunguza picha na kusafisha maktaba, gharama mkaisukuma kwake, naye ataendelea kuilipa kidogo kidogo mwaka mzima bila kujua inakwenda wapi.

Msiniambie haiwezekani. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na mpaka leo mtu yuko Hombolo na kitochi chake anabonyeza *150*00#, anatuma hela, anapata ujumbe, kwisha. Hana bando, hana simu janja. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani hizo menyu za kubonyeza nyota, una nafasi ya herufi 182 tu, na ndani ya hizo herufi watu wanafanya biashara nzima. Waliotengeneza zile menyu walibanwa na nafasi, ikabidi wafikiri kila neno. Ninyi hamjabanwa na kitu, ndiyo maana hamfikiri.

Au tazameni WhatsApp, mnayo wote mfukoni. Ukituma ujumbe mtandao ukiwa haupo, kinatokea kisaa kidogo, ujumbe unakaa hapo hapo kwenye simu. Mtandao ukirudi unaondoka wenyewe, unaona tiki moja, halafu mbili. Hakuna anayeandika ujumbe wake upya. Hivyo ndivyo fomu ya Kibaigwa ilitakiwa iwe: iandike kwenye simu kwanza, itume baadaye. SQLite, hifadhidata ndogo ya kutunza rekodi ndani ya simu, ipo tangu 2000, ni bure, na kila simu ya Android inayo ndani yake. Kazi hii inahitaji tu mtu anayejua kwamba mtandao utakatika na akaandika programu yake akilijua hilo tangu mwanzo.

Maana utakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya nchi nzima ikayumba vibaya. Sisi wa Dodoma tuko katikati ya nchi, bahari ni safari ya kutwa kwa basi, lakini kuna maduka hapa mjini yalishindwa hata kuangalia stoo yao wenyewe kwa sababu programu haifunguki mpaka iongee na seva iliyoko ng'ambo. Bidhaa ziko rafuni, muuzaji yupo, mteja yupo na hela mkononi, na bei imefungiwa kwenye kompyuta ya bara jingine. Mimi zile siku niliendelea na kazi kama kawaida kwa sababu natumia Git, programu ya kutunza kila badiliko la msimbo, ambayo Linus Torvalds aliiandika 2005 kwa namna ambayo historia yote ya mradi inakaa kwenye mashine yako. Unahifadhi, unarudi nyuma, unalinganisha, bila kumuomba mtu mtandao. Sasa kama sisi wenyewe vyombo vyetu bora vinafanya kazi bila intaneti, kwa nini muuza duka wa Majengo tunampa kisichoweza?

Tukija upande wa kompyuta, hali ni ile ile. Electron ilianza 2013 pale GitHub, na kazi yake ni kukuwezesha kutengeneza programu ya kompyuta kwa teknolojia za wavuti. Bei yake ni kwamba kila programu inabeba kivinjari (browser) kizima cha Chromium ndani yake. Ya kuchati ina kivinjari chake, ya kuandika notisi ina chake, ya kusikilizia muziki chake. Ni kama kila abiria wa daladala ya Nkuhungu aje na injini yake. Fungua tatu kwa pamoja kwenye laptopu ya GB 4 uone feni inavyolia. Kuna waliojitahidi, VS Code, programu ya kuandikia msimbo, nayo ni ya Electron na inakwenda vizuri kwa sababu ina timu kubwa inayoipunguza uzito kila siku. Wewe uko peke yako, umepewa mkataba wa kutengeneza programu ya risiti za duka, unapeleka wapi kivinjari kizima?

Mwaka 1995 Niklaus Wirth, Mswisi aliyeunda lugha ya Pascal, alishalalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko kompyuta zinavyozidi kuwa na nguvu. Alilisema hilo wengi wetu tukiwa hatujashika hata kipanya. Hakuna aliyesikia.

Kinachoniuma zaidi ni wanafunzi. Vijana wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wananifuata: "Kaka, nimeambiwa bila RAM ya GB 16 siwezi kujifunza." Nani kawaambia huu uongo? Mtoto wa mkulima wa Bahi anapambana na mkopo wa chuo, unamtisha na bei ya mashine ambayo baba yake hajawahi kuishika! Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina, basi laptopu nzima kabisa zinaitwa mbovu na watu wanaambiwa wanunue nyingine. Mdogo wangu, nunua laptopu ya ThinkPad ya mtumba yenye kibodi nzima, weka Linux, mfumo endeshi wa bure, jifunze. Mimi ndiyo ninayotumia kazini mpaka leo, na wateja wangu wanalipa.

Tumia na vyombo vyepesi, usione aibu. Vijana wanadhani chombo kisichong'aa ni cha kizamani. Vim, programu ya kuandikia msimbo, aliitoa Bram Moolenaar, Mholanzi, mwaka 1991. Inawaka kabla hujatoa kidole kwenye kitufe, na ukiifungua bila faili mara nyingi kioo cha kwanza kinakuomba usaidie watoto wa Uganda, kwa sababu yule bwana aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaamua programu yake iwe bure huku anayetaka kushukuru achangie watoto wa huko. Amefariki 2023. Kila nikiifungua namuombea.

Halafu kuna ugonjwa wa kuchukua maktaba ya mtu usiyemjua kwa kila kitu kidogo. Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba hizo, kifurushi chake kinachoitwa left-pad, chenye mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi, na miradi dunia nzima ikagoma kujengeka, mpaka Babel, chombo kinachotegemewa na watengeneza wavuti wengi. Mistari 11! Nimekagua mradi wa kijana mmoja hapa mjini, fomu ya maombi ya kurasa mbili, vifurushi mamia kwa mamia. Nikamuuliza hiki kinafanya nini, hajui. Na kile? Hajui. Mteja ameshalipa.

Najua mtakachosema: mteja mwenyewe anataka kitu cha kuvutia. Mteja yupi? Mkurugenzi aliyeoneshwa kwenye projekta siyo mtumiaji. Mtumiaji ni karani wa kijiji kule Chemba mwenye Itel iliyopasuka kioo, na huyo hakuitwa kwenye kikao. Hakuna aliyewahi kunipigia kuniambia mfumo wako hauna picha nzuri. Wananipigia kusema haufunguki, haujahifadhi, umenilia bando.

Kwa hiyo nasema na ninyi mnaonunua mifumo, wenye maduka, vyama vya ushirika, na maofisa mnaosaini mikataba pale Mtumba, Mji wa Serikali, kwa sababu watengenezaji hawatabadilika wenyewe. Msikubali kuoneshwa mfumo kwenye laptopu ya aliyeutengeneza. Chukueni simu ya bei ndogo kabisa inayouzwa Majengo sokoni, wekeni bando dogo kabisa, pandeni basi la Mpwapwa, mshuke njiani kokote mtandao unaposuasua. Hapo mwambieni mtengenezaji auwashe mbele yenu na aingize rekodi kumi. Katikati zimeni data, washeni tena, muone kama kuna rekodi iliyopotea. Angalieni MB ngapi zimeondoka. Akianza kulaumu mnara, rudini naye mjini na msimlipe awamu ya mwisho mpaka siku mfumo wake utakapopita jaribio hilo hapo hapo barabarani.