Sukari 6.3 bila kula kitu, shingo nyeusi, na soda nimeshaacha

Semi_ya_Tunduma:
Wakuu habari za usiku. Mimi ni dereva wa semi, Dar–Tunduma, umri 41, kitambi kipo tangu nihamie magari makubwa. Nimepima afya kwa ajili ya kazi, asubuhi sijala kitu, sukari ikasoma 6.3. Daktari akasema bado si kisukari, ila mwili hauisikii insulini vizuri na kuna mchochota ndani, yaani uvimbe wa chinichini. Foleni nje ndefu, nikatoka.

Soda nimeacha, chai nakunywa bila sukari. Sasa kama sukari sili, hii ya damuni inatoka wapi? Na shingo nyuma imekuwa nyeusi, ngozi nene. Mke wangu kaisugua kwa dodoki na maji ya moto mpaka ikachubuka, weusi uko palepale.

Nesi_wa_Zamu:
Pole kaka. Kwanza shemeji aweke dodoki chini, ule si uchafu. Insulini ikijaa damuni inachochea seli za ngozi ziongezeke, ndiyo unaona weusi shingoni, na ukiangalia kwapani huenda upo pia. Chanzo kikitulia, hupungua taratibu.

Sukari inatoka kwenye ugali, wali, chapati, chipsi. Vyote vinaishia kuwa glukosi, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango wa misuli. Misuli iliyokaa kwenye kiti kutwa haina haja nayo, kongosho linaongeza insulini, mwili unazidi kuwa mbishi. Halafu mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, yanamwaga damuni kemikali za mchochota, nazo zinaivuruga hiyohiyo insulini. Sigara inaongezea.

Unakula saa ngapi? Unalala saa ngapi?

Semi_ya_Tunduma:
Mlo wenyewe ni Ruaha Mbuyuni, saa nne unusu usiku, ugali wa kushiba na nyama choma. Napanda kitanda cha nyuma ya kiti, saa tisa nawasha gari. Sigara zipo, za kufukuza usingizi.

Babu_Mizizi:
Mkuu usihangaike, chemsha mdalasini na majani ya mlonge, kunywa asubuhi na jioni. Shingo itang'aa.

Nesi_wa_Zamu:
Babu, shikamoo. Mdalasini autie kwenye chai kwa harufu, lakini dereva asiyelala mdalasini hautamsaidia. Vijana wazima kabisa wakipewa muda wa saa nne tu za kulala kwa usiku kadhaa mfululizo, mwili unashindwa kuishughulikia sukari kama kawaida. Kaka, na kama unakoroma mpaka tingo anakuamsha, mwambie daktari, hilo nalo lina tiba.

Mizani_Makambako:
Dereva mwenzako hapa. Mimi mlo mkubwa nimeuhamishia mchana, usiku ni maharage na mboga, ugali kipande. Nikimaliza kula siingii kwenye gari, nazunguka maegesho robo saa. Tingo wangu alidhani nimeibiwa tairi. Pale Tunduma foleni ikisimama, ndiyo uwanja wangu wa mazoezi.

Nesi_wa_Zamu:
Huyu msikilize. Misuli ikiwa kazini inavuta glukosi hata insulini ikiwa dhaifu, ndiyo maana kutembea baada ya kula kunasaidia palepale. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu wenye sukari ya kupanda kama yako. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31.

Rudi upimwe HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu. Na pima kiuno, mwanamume akivuka sentimita 94 tunaanza kuangalia.

Semi_ya_Tunduma:
Nimepima kwa futi ya fundi cherehani hapa Mafinga: 109. Fundi kaniuliza kama nashona suti.